Kidonge cha Moyo Huanzia Kazi Katika Ini

Leo tunazungumzia kidonge ambacho hupewa mtu aliyeshikwa na shambulio la moyo. Kinaitwa klopidogreli, na wengi wanakijua kwa jina la biashara, Plavix. Kina tabia moja ambayo mgonjwa haelezwi mara nyingi: wakati anapokimeza, bado si dawa.

Tuanze na moyo wenyewe. Mshipa unaoulisha moyo ukiwa na mafuta yaliyoganda ukutani, ganda hilo laweza kupasuka. Chembe sahani za damu hukimbilia pale kuziba, kama zinavyoziba kidole kilichokatwa na bati. Kwenye kidole ni msaada. Ndani ya mshipa wa moyo ni balaa, maana donge huzuia damu na nyama ya moyo huanza kufa. Aspirini huzituliza chembe hizo yenyewe, bila kungoja ini, ndiyo maana mgonjwa huambiwa aitafune papo hapo. Klopidogreli huongezwa juu yake.

Lakini klopidogreli hupitia kwanza katika ini. Humo, kiasi cha sehemu 85 katika kila 100 huharibiwa na kuwa takataka. Zile 15 zilizobaki hugeuzwa kwa hatua mbili na vimeng'enya, na kilicho muhimu zaidi miongoni mwao kinaitwa CYP2C19. Kitu kinachotoka hapo ndicho dawa ya kweli. Hung'ang'ania chembe sahani wala hakibanduki mpaka chembe ile ife, yaani siku 7 hadi 10. (Ndiyo sababu daktari wa meno hana budi kuambiwa kabla hajang'oa jino.) Kwa kuwa kazi hii ya ini huchukua saa kadhaa, dozi ya kwanza huwa kubwa, miligramu 300 au 600, kisha 75 kila siku.

Sasa, maini yetu hayako sawa. Kila mtu amerithi nakala mbili za maagizo ya kutengeneza CYP2C19, moja kwa baba na moja kwa mama. Kwetu Afrika, kiasi cha robo mpaka theluthi ya watu wana angalau nakala moja mbovu. Asia ya Mashariki ni zaidi ya nusu. Mwenye mbili mbovu humeza kidonge kila siku na asipate kinga ya kutosha. Mwaka 1998 watafiti wa Tanzania na Sweden walitangaza kwamba maini ya Watanzania waliowapima yaliivunja omeprazoli, dawa ya vidonda vya tumbo inayopitia kimeng'enya hicho hicho, polepole kuliko ilivyotazamiwa hata kwa kufuata nakala walizorithi. Wenzetu hao ni jirani zetu, ng'ambo ya Ruvuma tu.

Serikali ya Marekani iliagiza onyo kali liandikwe kwenye dawa hii mwezi Machi 2010. Huko huko Marekani, jimbo la Hawaii, lenye wakazi wengi wa asili ya Asia na visiwa vya Pasifiki, liliwashtaki mwaka 2014 watengenezaji Bristol-Myers Squibb na Sanofi kwa kutowaonya wananchi. Mwaka 2021 jaji aliwatoza zaidi ya dola milioni 834. Mahakama Kuu ya jimbo ikairudisha kesi mwaka 2023, na mwaka 2024 adhabu ikapanda hadi dola milioni 916. Kampuni hizo zilikana kosa. Sisi tunaona jambo moja: ilibidi jimbo zima liende mahakamani ili swali la ini la mtu wa kawaida lisikilizwe.

Turudi kwenye ile omeprazoli. Wengi wetu huinunua dukani kwa ajili ya kiungulia. Kumbe humshughulisha CYP2C19 na kupunguza nguvu ya klopidogreli. Anayetumia zote mbili amwambie daktari. Pantoprazoli huingilia kidogo zaidi.

Kwa nini tunalisema hili Afungi? Kwa sababu kuzibua mshipa wa moyo kwa mrija ni kazi ya hospitali kubwa, kama zilizoko Maputo, au Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Barabara ya Palma kwenda Pemba ni ndefu, na tangu mashambulio ya Machi 2021 hakuna asiyejua jinsi safari inavyoweza kukwama. Katika saa hizo kidonge kina mzigo mkubwa. Ipo tikagrelori, isiyongoja kugeuzwa na ini, ingawa humezwa mara mbili kwa siku, huweza kuleta kuhema, wala haimfai aliyewahi kuvuja damu ubongoni. Tunadai zahanati za kambi ziwe nayo, daktari apate nafasi ya kuchagua, na mfanyakazi wa mkandarasi mdogo apewe sawa na mhandisi.

Na yeyote anayetumia klopidogreli sasa asiiache kwa sababu ya makala haya. Aliyewekewa kibomba cha waya cha kutanua mshipa, akiiacha ghafla, kibomba hicho chaweza kuziba. Aendelee kumeza, aandike dawa zake zote kwenye karatasi, na aipeleke kwa daktari.