Sauti Nne, Vidole Kumi

Nyundo ya piano hugonga uzi ikiwa imeshaachiliwa. Kibonye kinapobonyezwa huzama takribani milimita 10 tu, na kabla hakijafika chini kabisa nyundo imekwisha kuachana na mtambo unaoisukuma, ikaruka yenyewe kipande cha mwisho cha safari. Kuanzia hapo kidole hakina usemi tena juu ya nyundo. Ukiacha pedali, mpigaji amebaki na mambo mawili tu mkononi mwake: kasi anayoirushia nyundo, na muda anaoishikilia noti. Kwa hayo mawili anatakiwa aufanye mkono mmoja uimbe sauti mbili zisizofanana kwa wakati mmoja.

Johann Sebastian Bach aliwadai wanafunzi wake jambo hilo mapema. Mwaka 1723, aliponakili upya Invensheni zake za sauti mbili na Sinfonia za sauti tatu, alieleza kwenye ukurasa wa mbele kwamba zinamfundisha mwanafunzi kupiga sauti mbili kwa usafi, kisha tatu, na zaidi ya yote kupata upigaji unaoimba. Mwaka mmoja kabla, 1722, alikuwa amekusanya kitabu cha kwanza cha Das Wohltemperierte Klavier, chenye prelude na fuga 24. Fuga ya kwanza kabisa, ya C meja, ina sauti nne ambazo yeyote aliyeimba kwaya anazijua: sopurano, alto, tena na besi. Alto ndiyo inayofungua, kwa wazo la noti 14, na nyingine zinalipokea moja baada ya moja.

Kwenye kwaya kila sauti ina koo lake. Hapa alto haina hata mkono wake. Inaanza kwa mkono wa kulia, na sopurano ikishakaa juu yake hubanwa kwenye gumba na kidole cha shahada. Penye umbali mkubwa, gumba la kushoto huipokea sentensi ikiwa bado haijaisha. Gumba ni zito, na mara nyingi hugonga kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Sopurano nayo huangukia kidole cha pete na cha mwisho, ambavyo havikuumbwa kujitegemea: kano zinazonyoosha vidole zimefungamana nyuma ya kiganja, ndiyo maana kidole cha pete hakiinuki vizuri vingine vikiwa vimelazwa.

Hata hivyo, naamini kikwazo kikubwa kiko sikioni. Mwaka 1989 mtafiti David Huron alichapisha jaribio ambamo wanamuziki wazoefu walisikiliza muziki wa sauti nyingi zenye rangi moja, wakitaja ni ngapi zinazosikika. Hadi tatu walifanya vizuri. Zilipofika nne makosa yaliongezeka, na sauti za kati zilipoingia ziliwaponyoka kwa urahisi zaidi. Utafiti wa Laurel Trainor na wenzake wa Chuo Kikuu cha McMaster, Canada, umeonyesha kwamba ubongo hunasa vizuri zaidi sauti ya juu, hata kwa watoto wachanga. Kwa hiyo sopurano ina mtetezi wake tayari. Alto na tena zinamtegemea mpigaji.

Ndiyo sababu mazoezi yenye faida huanza kwa kutenganisha. Piga alto peke yake, lakini kwa vidole vilevile utakavyotumia fuga ikiwa kamili, gumba la kushoto likiingia palepale. Ukitumia vidole vingine unajifunza kitu kingine. Kisha ziunganishe mbilimbili, na usiiruke jozi ya alto na tena, ambayo wengi huikwepa. Halafu imba moja huku ukipiga zilizobaki. Zoezi hili ni gumu kuliko yote, na ndilo linalofichua ukweli: mstari usioweza kuuimba huenda hujawahi kuusikia. Mwisho piga zote, moja kwa nguvu na nyingine kwa unyenyekevu, ukibadilisha zamu.

Kuna jambo la kutojisumbua nalo. Mwaka 2001 Werner Goebl wa Vienna alichapisha vipimo vya wapiga piano 22 waliopiga muziki wa Chopin kwenye piano ya Bösendorfer yenye kompyuta. Noti za melodia zilitangulia nyingine kwa takribani milisekunde 30. Lakini alipokokotoa wakati vidole vilipogusa vibonye, tofauti ilikaribia kutoweka: vidole vilianza pamoja, ila nyundo iliyosukumwa kwa kasi zaidi iliwahi kufika. Hakuna haja ya kuvunja noti kwa makusudi ili sauti ijitokeze.

Sikubaliani pia na desturi ya kulipigia kelele wazo kuu kila linaporudi. Msikilizaji akishalijua atalifuata mwenyewe. Anachohitaji ni kusikia kile ambacho sauti nyingine zinalijibu.

Isitoshe, noti ya piano huanza kufifia papo hapo inapogongwa. Noti inayofuata katika sauti ileile ipimwe kwa kilichobaki cha ile iliyotangulia, la sivyo mstari unakatika. Mwishoni mwa fuga hii besi inashikilia C ya chini huku sauti nyingine zikiendelea kusogea juu yake hadi tamati. Ogani ingeishikilia bila shida. Kwenye piano, C hiyo ipewe nguvu ya kutosha kudumu hadi noti ya mwisho, lakini isizidi kiasi cha kuifunika sauti ya tena inayoliingiza wazo juu yake.