Royal Porthcawl na Kombe Ambalo Wales Haijawahi Kuliandaa

Katika mataifa manne ya Ufalme wa Muungano, ni moja tu ambalo halijawahi kuandaa The Open, mashindano makongwe kuliko yote katika yale makubwa manne ya gofu ya wanaume. Yalianza Prestwick mwaka 1860, na tangu hapo yamechezwa katika viwanja 14: saba vya Uskoti, sita vya England na kimoja cha Ireland Kaskazini. Wales haimo. Si kwamba imekosa pwani, wala si kwamba imekosa kiwanja. Kiwanja kipo kimoja kinachoweza, Royal Porthcawl, na ukizipitia rekodi zilizowekwa juu ya nyasi zake utashangaa kwamba bado kinaombewa nafasi.

Tuanze na mwaka 1951. Mwaka huo wasimamizi wa gofu walithubutu mara mbili. The Open ilivuka bahari kwa mara ya kwanza kwenda Royal Portrush, Ireland Kaskazini, ambako Max Faulkner alishinda. Mwaka huohuo mashindano ya ubingwa wa wachezaji wa ridhaa, Amateur Championship, yalitia mguu Wales kwa mara ya kwanza, hapohapo Porthcawl, na kombe likachukuliwa na Mmarekani Dick Chapman. Milango miwili ilifunguliwa kwa pamoja. Ule wa Portrush ulifungwa miaka 68, ukafunguliwa tena 2019. Wa Porthcawl umebaki nusu wazi: ubingwa wa ridhaa umerudi mara kadhaa, na mwaka 1980 Duncan Evans akawa Mwelshi wa kwanza kuutwaa, akiwa kwenye ardhi ya nyumbani. Lakini The Open yenyewe haijaja.

Klabu hiyo ilianzishwa mwaka 1891, ikapewa hadhi ya kifalme 1909. Kiwanja chake ni cha linksi, yaani cha kando ya bahari juu ya ardhi ya kichanga, bila miti ya kukinga upepo, na mpira ukishatua huendelea kubiringika. Viwanja vyote vya The Open ni vya aina hiyo. Porthcawl ina sifa mbili zinazoitofautisha na vingi vya wenzake. Kwanza, bahari huonekana kutoka kila shimo kati ya yale 18. Pili, mashimo hayaendi moja kwa moja na kurudi, bali hugeukageuka, hivyo mchezaji hukutana na upepo usoni, mgongoni na ubavuni katika mzunguko mmoja. Mbele yake kuna Bristol Channel, mlango wa bahari ambao tofauti yake ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua ni miongoni mwa kubwa zaidi duniani.

Upepo huo ndio uliozaa rekodi ninayoipenda kuliko zote. Mwaka 2014 Senior Open, mashindano makubwa ya wachezaji waliotimiza miaka 50, yalifanyika hapo. Bernhard Langer wa Ujerumani alimaliza kwa mipigo 266, yaani 18 chini ya pa (idadi ya mipigo iliyowekewa kiwanja), akamwacha Colin Montgomerie kwa mipigo 13. Hilo ndilo pengo kubwa kuliko yote katika historia ya mashindano makubwa ya wakongwe. Aliposhinda tena hapohapo mwaka 2017, alikuwa mipigo 4 tu chini ya pa. Kisha ikaja 2023, mvua ikinyesha na upepo ukivuma kwa nguvu. Alex Cejka, Mjerumani pia, alimaliza kwa mipigo 289, 5 juu ya pa, na bado akawa bingwa baada ya kumshinda Padraig Harrington katika mashimo ya nyongeza. Bingwa wa 2014 na bingwa wa 2023 walitofautiana kwa mipigo 23. Kiwanja kinachoweza kufanya hivyo hakihitaji kubembelezwa ili kiwe kigumu. Hali ya hewa inatosha.

Harrington alikuwa na kumbukumbu njema zaidi ya mahali hapo. Mwaka 1995, akiwa bado wa ridhaa, alikuwemo katika timu ya Uingereza na Ireland iliyoifunga Marekani 14 kwa 10 katika Walker Cup. Upande wa Marekani kulikuwa na kijana wa miaka 19 aitwaye Tiger Woods. Siku ya kwanza Woods alifungwa na Gary Wolstenholme, mtu aliyepiga mpira mfupi kuliko yeye kwa mbali, baada ya kuupeleka wake nje ya mipaka kwenye shimo la mwisho. Kesho yake alilipiza kisasi, ila haikutosha kuliokoa kombe.

Rekodi nzito zaidi ni ya karibuni. Kuanzia Julai 31 hadi Agosti 3, 2025, Women's Open, moja ya mashindano makubwa matano ya wanawake, ilichezwa Wales kwa mara ya kwanza. Miyu Yamashita wa Japani, aliyetimiza miaka 24 siku ya Jumamosi ya mashindano hayo, alishinda kwa mipigo 11 chini ya pa, miwili mbele ya Charley Hull na Minami Katsu. Kwa hiyo lile swali la kama kiwanja cha linksi cha Wales kinaweza kubeba mashindano makubwa limeshajibiwa na wanawake. Linalobaki ni la wanaume.

Wales imewahi kupokea tukio kubwa zaidi la wanaume, Ryder Cup ya 2010 kati ya Ulaya na Marekani, lakini lilifanyika Celtic Manor, bara, mbali na mchanga wa pwani. Mvua iliyonyesha ilifanya iwe Ryder Cup ya kwanza kumalizika Jumatatu, Ulaya ikishinda 14½ kwa 13½.

Na wachezaji wa Wales? Dai Rees alimaliza wa pili katika The Open mara tatu: 1953, 1954 na 1961, ya mwisho akizidiwa na Arnold Palmer kwa mpigo mmoja tu. Ian Woosnam, ambaye wapenzi wa gofu wa Nairobi wanamjua kwa kushinda Kenya Open mwaka 1986, alitwaa Masters 1991 na hadi leo ndiye Mwelshi pekee mwanamume mwenye taji kubwa. Mwaka 2001 aliingia siku ya mwisho ya The Open akiwa miongoni mwa waliokuwa wakiongoza. Baada ya shimo la kwanza ikagundulika kwamba mfuko wake una fimbo 15 badala ya 14 zinazoruhusiwa. Aliongezewa mipigo miwili, akamaliza wa tatu pamoja na wengine.

Kikwazo cha Porthcawl, basi, kiko nje ya nyasi. The Open ya leo inahitaji nafasi ya mahema, majukwaa, magari na watu. St Andrews mwaka 2022 ilipokea 290,000, rekodi ya mashindano hayo. Portrush mwaka 2025 ilifikia kama 278,000. Porthcawl ni mji wa watu wapatao 16,000, na treni ya abiria iliacha kufika hapo mwaka 1963. Kituo cha karibu ni Pyle, kilomita chache kutoka mjini. Hoja hii ni ya kweli, lakini haina uzito inaopewa: St Andrews nayo haina kituo cha treni tangu 1969, watu hushuka Leuchars na kupanda mabasi, na bado ndiyo yenye rekodi.

Hoja ya ardhi ni ngumu zaidi, ila hata hiyo ina mfano wake. Portrush ilikubali kuacha mashimo yake mawili ya mwisho na kujenga mengine mawili upande wa pili, ili pale pa zamani papatikane nafasi ya kuhudumia watazamaji. Porthcawl italazimika kutoa sadaka ya namna hiyo, na serikali ya Wales italazimika kugharimia barabara na ardhi ya jirani. R&A, wanaoendesha mashindano haya, wameshaupelekea mji huo Senior Open mara tatu na Women's Open mara moja. Wanakijua kiwanja hicho vizuri, na sasa waseme wazi ni hekta ngapi zinazokosekana, ili Wales ijue inachotakiwa kutafuta. Portrush ilitangazwa kurudishwa kwenye orodha mwaka 2014, na miaka mitano baadaye The Open ikachezwa.