Malkia Philippa wa Uingereza, Mwombezi wa Watu

Neno "malkia" katika lugha yetu hutumika kwa watu wa namna mbili, na mara nyingi wanafunzi huwachanganya. Yuko malkia mwenye enzi, aliyerithi kiti yeye mwenyewe, naye ndiye atoaye amri. Kama Elizabeth wa Kwanza, aliyetawala Uingereza tangu mwaka 1558 mpaka 1603. Tena yuko malkia aliyepata jina hilo kwa kuolewa na mfalme. Huyu wa pili huvikwa taji, huketi karibu na mumewe, na watu humwinamia; lakini enzi si yake, wala hawezi kutangua neno la mfalme. Basi watu huuliza, Mke wa mfalme ana kazi gani katika nchi, zaidi ya kuzaa warithi? Swali hili tutalijibu kwa kueleza maisha ya malkia mmoja wa kale, jina lake Philippa wa Hainault, aliyekuwa mke wa Mfalme Edward wa Tatu wa Uingereza kwa muda wa miaka 41.

Philippa alizaliwa zaidi ya miaka 700 iliyopita katika nchi ya Hainault. Nchi hiyo ilikuwa ndogo, yenye mtawala wake, mahali ambapo leo Ubelgiji na Ufaransa hupakana. Baba yake, William, ndiye aliyeitawala. Mama yake, Joan, alikuwa wa ukoo wa wafalme wa Ufaransa, na ndugu yake mwanamume akaja kuwa Mfalme Philip wa Sita wa nchi hiyo. Msomaji aliweke neno hili moyoni, maana litarudi mbele: mfalme wa Ufaransa alikuwa mjomba wake Philippa.

Ndoa yake haikuanza kwa mapenzi, ilianza kwa mapatano ya vita. Mwaka 1326 Malkia Isabella wa Uingereza alikuwa amefarakana na mumewe, Edward wa Pili, naye akatafuta nguvu za kumwondoa. Akafika Hainault, akapatana na mtawala wa huko kwamba mwanawe Edward atamwoa binti yake mmoja, naye mtawala akampa merikebu na askari. Isabella akavuka bahari, akamshinda mumewe, na mwezi wa Januari 1327 mwanawe, kijana wa miaka 14, akawekwa kitini. Mwaka uliofuata, mwezi wa Januari 1328, Philippa akaolewa na mfalme huyo kijana katika kanisa kubwa la York.

Lakini kuolewa hakukumpa cheo chake chote. Isabella na rafiki yake Roger Mortimer ndio walioshika nchi, na Isabella hakupenda kuachilia heshima wala mashamba ya malkia. Philippa akangoja miaka miwili kabla ya kuvikwa taji. Akavikwa huko Westminster mwaka 1330, hali ni mja mzito, na mwezi wa Juni mwaka huo akazaa mtoto wa kwanza, mwanamume. Mwezi wa Oktoba mfalme akamkamata Mortimer usiku katika ngome ya Nottingham, akauawa kwa kutundikwa. Naye Isabella akaondolewa katika mambo ya utawala. Hivyo Philippa alipata kuona kwa macho yake mwisho wa mavyaa yake, aliyetaka kutawala kwa upanga. Yeye akafuata njia nyingine.

Njia hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya kale ya wake wa wafalme wa Ulaya: kuombea watu. Siku zile neno la mfalme lilikuwa zito sana. Mfalme akiisha kutamka hukumu mbele ya wakuu wake, kuigeuza mwenyewe kulikuwa aibu, maana watu wangesema kwamba hana msimamo. Lakini mke wake akipiga magoti mbele ya wote na kumwomba, mfalme aliweza kusamehe bila ya kuonekana dhaifu. Hakushindwa na adui, wala hakulazimishwa na wakuu. Alimpa mkewe zawadi. Kwa hiyo maombi ya malkia yalikuwa kama mlango uliowekwa ubavuni mwa nyumba, ambao kwa huo mfalme aweza kutoka katika hasira yake na heshima yake isipungue.

Philippa alilijua jambo hili tangu ujana. Mwaka 1331 palifanywa mashindano ya wapanda farasi mjini London, katika njia iitwayo Cheapside. Maseremala wakajenga jukwaa la mbao, ili malkia na mabibi wake wakae na kutazama. Katikati ya michezo jukwaa likaanguka pamoja na waliokuwa juu yake, na watu wengi wakaumia. Mfalme akakasirika sana, akataka maseremala waadhibiwe. Malkia, ambaye mwenyewe ameanguka pamoja na mabibi wake, akapiga magoti mbele ya mumewe akawaombea, nao wakasamehewa.

Msomaji asidhani kwamba mambo yote ya malkia yalikuwa huruma tu. Alikuwa na mashamba yake, waandishi wake na hesabu zake. Tena palikuwa na ada iliyoitwa dhahabu ya malkia: mtu aliyepatana na mfalme kumlipa fedha nyingi ili apate hisani yake, alimlipa malkia sehemu ya kumi zaidi ya fedha zile. Hata hivyo mapato yake hayakutosha matumizi yake. Madeni yakazidi, na katika miaka yake ya baadaye nyumba yake ikaunganishwa na nyumba ya mfalme kwa matumizi na hesabu.

Mwaka 1337 vikaanza vita vya Uingereza na Ufaransa, ambavyo vimepewa jina la Vita vya Miaka Mia. Edward alidai kwamba kiti cha Ufaransa ni haki yake kwa upande wa mama yake. Basi Philippa akajikuta kati ya mume na mjomba. Akafuatana na mumewe ng'ambo ya bahari, na watoto wake wakapewa majina ya miji waliyozaliwa: Lionel wa Antwerp mwaka 1338, na John wa Ghent, ambaye Waingereza humwita John of Gaunt, mwaka 1340. Mfalme alikuwa amekopa fedha nyingi kwa ajili ya vita, hata taji likawekwa rehani. Aliporudi Uingereza mwanzo wa mwaka 1340 kutafuta fedha, alimwacha mkewe na watoto huko Ghent, wawe kama dhamana kwa wadai kwamba atarudi. Malkia wa Uingereza akawa rehani, na mwana akazaliwa katika hali hiyo.

Sasa tufike kwenye jambo lililomfanya ajulikane zaidi. Mwezi wa Agosti 1346 Edward aliwashinda Wafaransa huko Crécy, kisha akaenda kuuzingira mji wa Calais, ulio kwenye mlango wa bahari mkabala wa Uingereza. Aliuchukia mji huo, maana mabaharia wake walikuwa wameziharibu merikebu nyingi za Waingereza. Akauzingira muda wa miezi 11. Vyakula vikaisha, watu wakala farasi, mbwa na paka. Mwezi wa Julai 1347 Mfalme Philip alikuja na jeshi kuwaokoa, akaona njia zote zimezibwa, akarudi bila kupigana. Watu wa Calais walipoona bendera za mfalme wao zikienda zao, walijua kwamba hawana tumaini tena.

Jean de Vienne, mkuu wa ngome, akaomba masharti. Habari hizi ziliandikwa na Jean le Bel, mtu wa Liège, kisha zikaandikwa tena na Jean Froissart. Wanasema kwamba kwanza mfalme alitaka watu wote wajitoe mikononi mwake, awaue awatakao. Mkuu mmoja wa jeshi, Walter Mauny, akamwonya. Huyu alikuwa mtu wa Hainault, aliyekuja Uingereza akiwa kijana katika watumishi wa Philippa. Akasema kwamba leo wakiua watu kwa kuwa waliilinda ngome ya mfalme wao, kesho Wafaransa watawatendea Waingereza vivyo hivyo. Mfalme akapunguza shauri lake: watoke watu sita katika wakubwa wa mji, vichwa wazi, miguu mitupu, kamba shingoni na funguo za mji mikononi, nao wafe kwa ajili ya wote.

Habari hiyo ilipotangazwa mjini, watu walilia. Ndipo tajiri aliyeitwa Eustache de Saint-Pierre akasimama akasema kwamba yeye atakwenda. Wakamfuata Jean d'Aire, Jacques de Wissant na nduguye Pierre, na wengine wawili. Wakatoka kama walivyoamriwa, wakapiga magoti mbele ya mfalme. Wakuu wa Waingereza walilia kwa kuwahurumia, na Mauny akaomba tena. Mfalme akakataa, akaagiza aitwe mkata vichwa.

Hapo Philippa, ambaye waandishi wasema alikuwa mja mzito, akapiga magoti mbele ya mumewe huku akilia. Akamkumbusha kwamba tangu alipovuka bahari kwa hatari kumfuata hakumwomba neno lolote, na sasa amwomba awarehemu watu hawa sita, kwa ajili ya Mwana wa Mariamu na kwa kumpenda yeye. Mfalme akanyamaza kitambo. Kisha akasema kwamba angependa zaidi malkia angekuwa mahali pengine, lakini hawezi kumnyima, na akampa watu wale awatendee apendavyo. Malkia akawafungua kamba, akawavika nguo, akawapa chakula na fedha, akawapeleka mahali pa salama.

Wenye elimu wa siku hizi wakiyachunguza mambo haya husema kwamba huenda mambo yale yalipangwa mbele, ili mfalme aonekane mkali na mwenye rehema kwa pamoja. Huenda ni kweli. Lakini hata ikiwa hivyo, ndivyo tulivyosema juu: mlango ulihitajiwa, na ni malkia tu aliyeweza kuwa mlango huo. Mauny alikuwa na hoja nzuri, naye hakusikilizwa. Maana mfalme kukubali hoja ya mkuu wake mbele ya jeshi ni kukiri kwamba alikosa.

Wala tusifiche upande wa pili. Watu sita walipona, lakini watu wengi wa Calais walifukuzwa katika nyumba zao, na Waingereza wakaletwa kukaa humo. Mji ukawa wa Uingereza mpaka mwaka 1558. Na katika nyumba zilizogawanywa, zile za Jean d'Aire, mmoja wa wale sita, mfalme alimpa malkia mwenyewe. Mkono uliofungua kamba ulipokea na nyumba. Basi rehema ya mwombezi ina mpaka wake: yaweza kuzuia upanga, lakini haikuondoa vita wala kurudisha mali ya watu.

Katika mambo ya elimu pia ameacha alama. Mwaka 1341 Robert de Eglesfield, kasisi wa nyumba yake, alianzisha chuo huko Oxford akakiweka chini ya ulinzi wake. Hata leo kinaitwa Chuo cha Malkia. Froissart naye, mzaliwa wa Valenciennes katika nchi ya Hainault, alikuja kwake yapata mwaka 1361, akawa mwandishi wake mpaka malkia alipofariki.

Taji halikumkinga na msiba. Mwaka 1348 tauni kubwa iliingia Ulaya. Binti yake Joan alikuwa njiani kwenda kuolewa na mwana wa mfalme wa Castile, akafa kwa tauni karibu na Bordeaux. Watoto wengine walikufa wadogo, na mabinti wengine wawili, Mary na Margaret, wakafa wangali vijana. Wana watano ndio waliofikia utu uzima.

Philippa alifariki katika ngome ya Windsor mwezi wa Agosti 1369. Froissart asema kwamba alimwomba mfalme mambo matatu: wafanya biashara wote anaowiwa walipwe; ahadi zake kwa makanisa na watumishi zitimizwe; na mfalme mwenyewe, siku yake itakapofika, azikwe karibu naye Westminster. Ndivyo ilivyokuwa. Mfalme alifariki mwaka 1377, na makaburi yao yako karibu hata leo. Sanamu iliyo juu ya kaburi la Philippa, iliyochongwa na Jean de Liège, haimwonyeshi kama msichana mzuri. Yamwonyesha mama mzima mnene, mwenye uso wa mtu aliyeishi.

Miaka ya mwisho ya mfalme haikuwa na sifa. Alitawaliwa na Alice Perrers, mwanamke aliyekuwa mtumishi wa malkia, hata mwaka 1376 Bunge likamlalamikia na kumwondoa penye mfalme. Karibu naye hapakuwa tena na mtu wa kupiga magoti kwa ajili ya wengine; waliobaki walimwomba kwa ajili ya nafsi zao.

Hili ndilo jibu la swali letu. Mke wa mfalme hakuwa na amri, lakini alishika kitu ambacho mwenye amri hana: njia ya kurudi. Wahenga walisema, "Hasira, hasara." Kila aketiye kuamua mambo ya watu, awe mkubwa au mdogo, siku moja atasema neno kali kuliko alivyokusudia. Heri yake akiwa na mtu karibu wa kumwomba alilegeze, na heri zaidi akikubali kuombwa.