Bega la Mchimbaji na Upasuaji wa Matundu Madogo

Katika machimbo ya Saza, Wilaya ya Songwe, ambako dhahabu ya eneo la Lupa imechimbwa tangu enzi za utawala wa Waingereza na ambako wachimbaji wadogo wangali wakivunja mwamba kwa nyundo na moko, yaani patasi ya chuma, bega hubeba sehemu kubwa ya kazi, kama linavyoibeba kwa makuli wa Tunduma wanaopakia magunia ya mahindi kwenye malori, yakiwemo ya lumbesa yanayozidi kilo 100 zilizowekwa kisheria. Bega hilo linapoanza kuuma usiku na mkono kushindwa kuinuka bila maumivu, mara nyingi husemwa kuwa limeteguka, likachuliwa kwa mafuta na kurudishwa kazini, ilhali huenda kilichoumia ni kano, yaani utepe mgumu unaoushikiza msuli kwenye mfupa.

Hakuna kiungo kinachozunguka kwa uhuru kuliko bega, na uhuru huo una gharama yake, kwa kuwa kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa na kishimo cha bapa la bega kinachokipokea ni kidogo tena hakina kina. Kinachokizuia kichwa hicho kisiteleze ni misuli minne inayotoka kwenye bapa la bega, ambayo makano yake huungana na kukifunika. Kano la juu, lenye unene wa takribani milimita 12 linapojishika mfupani, ndilo linaloumia zaidi, kwa sababu hupita chini ya paa la mfupa, huchakaa kadiri umri unavyosonga, na huvutwa kila mkono unapopanda juu ya kichwa. Kano likichanika sehemu tu ya unene wake, mchaniko unaweza kuwa upande wa ndani unaotazama kiungo, ambao ndio wa kawaida zaidi, au upande wa juu, au katikati ya nyuzi zake pasipo kuonekana nje. Mwaka 1990 daktari Mmarekani Harvard Ellman aliigawa michaniko hiyo kwa kina: isiyofika milimita 3, ya kati ya milimita 3 na 6, na inayozidi milimita 6, ambayo kwa kawaida imekula zaidi ya nusu ya kano. Mpaka huo wa nusu ungali unawaongoza madaktari wengi, ingawa si sheria, maana wapo watu wengi wenye makano yaliyochanika wasiohisi maumivu yoyote.

Ndiyo maana kisu hakitangulii. Wagonjwa wengi wa mchaniko wa sehemu hupata nafuu kwa kupunguza mizigo na kufanya mazoezi tiba kwa miezi 3 hadi 6, na sindano ya dawa jamii ya kotisoni huweza kutuliza maumivu kwa muda, lakini kuirudiarudia hulidhoofisha kano lenyewe. Tahadhari ya kutokimbilia kisu ina uzito, kwani utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2018 ulionesha kuwa kukwangua paa la mfupa wa bega kwa wagonjwa ambao makano yao hayakuwa yametoboka hakukuwa na faida ya maana kuliko kuingiza kamera na kutazama tu.

Upasuaji hufikiriwa pale ambapo mchaniko ni wa kina, mazoezi yamefuatwa kwa uaminifu na maumivu hayajaisha. Zamani bega lilifunguliwa kwa mkato mrefu, kama alivyofanya Ernest Amory Codman wa Boston mwanzoni mwa karne ya 20. Siku hizi mgonjwa hulazwa usingizi kwa nusu kaputi, mara nyingi pamoja na ganzi ya mishipa ya fahamu ya shingoni, kisha kamera yenye unene wa milimita 4 hivi huingizwa kupitia tundu dogo huku maji ya chumvi yakikitanua kiungo, na vifaa vikapitishwa kwenye matundu mengine. Daktari huweza kulishona kano huku akiziacha nyuzi nzima mahali pake, au kuukamilisha mchaniko na kulishikiza upya kano lote. Katika njia zote mbili hutumika vijiskrubu vyenye nyuzi vinavyozamishwa mfupani, na matokeo yake hukaribiana. Nchini Tanzania, upasuaji wa matundu wa bega hufanyika katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam, safari ndefu kwa mtu wa Saza, ambaye kwa utaratibu wa rufaa angepitia kwanza hospitali za mkoani na Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya.

Hata hivyo safari si sehemu ngumu kuliko zote. Uzi hulishikilia kano tu. Kuota tena mfupani ni kazi ya mwili, nayo haiharakishwi. Mkono hufungwa kwa wiki 4 hadi 6, ukisogezwa na mtaalamu bila msuli kujikaza, mazoezi ya nguvu huanza karibu na wiki ya 12, na kazi nzito husubiri miezi 6 au zaidi. Mwajiriwa wa mgodi rasmi aliyeumia kazini anaweza kudai haki yake katika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mchimbaji wa duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, asiye na mwajiri hana kimbilio hilo, na njaa humrudisha kwenye nyundo kabla kano halijashika. Kwa hiyo kabla ya fomu ya ridhaa kutiwa saini, wenzake wa duara wanapaswa kukubaliana naye nani atashika nafasi yake na mgawo wake utakuwaje kwa nusu mwaka, na daktari naye amuulize yuko karibu na mtaalamu gani wa mazoezi tiba, kwa sababu majibu hayo huamua hatima ya bega sawasawa na ustadi wa mshonaji.