Vigae vya Kale (Sehemu ya Pili): Kigae Kinavyosomwa

Juma lililopita tulieleza jinsi shimo la akiolojia linavyochimbwa tabaka kwa tabaka. Leo tuingie chumba cha kazi, vigae vikiwa vimemwagwa mezani. Nasema vigae vya vyungu vilivyovunjika, si vile vya kuezekea nyumba.

Vigae havioshwi ovyo. Hutumika maji baridi na mswaki laini, na vingine huachwa na uchafu wao. Mafuta ya chakula hupenya kwenye vitundu vya udongo na huweza kukaa humo karne nyingi. Maabara ikiyapata, hueleza kama chungu kilipikiwa nyama, maziwa au mboga. Kisha kila kigae huandikwa namba kwa wino: shimo lipi, tabaka lipi. Kigae kisicho na namba hiyo ni shahidi aliyesahau alikuwa wapi.

Mgeni hukimbilia vyenye nakshi. Fundi mzoefu huanza na midomo. Kipande cha mdomo chenye upana wa vidole vitatu, kikisimamishwa juu ya karatasi iliyochorwa duara ndani ya duara, hukuambia mdomo mzima ulikuwa na upana gani, na hapo unaanza kutofautisha bakuli, chungu cha kupikia na mtungi wa maji. Midomo husaidia pia katika hesabu. Mtungi mmoja mkubwa ukianguka hutoa vigae vingi kuliko bakuli kadhaa, kwa hiyo anayehesabu vigae tu atadhani watu wale walikuwa na mitungi kupita kiasi. Ndiyo maana midomo huhesabiwa pia.

Sasa chukua koleo, umegue pembe ndogo ya kigae. Tazama pale palipomeguka: pembeni pekundu, katikati peusi kama mkaa. Weusi huo mara nyingi ni alama ya chungu kilichochomwa uwanjani kwa kuni na majani, moto ukawaka kwa muda mfupi, oksijeni isifike ndani. Weka lenzi, utaona punje: mchanga, au vigae vya zamani vilivyosagwa na kuchanganywa na udongo ili chungu kisipasuke motoni.

Hapa sisi wa Kilakala, Morogoro, tuna bahati. Milima ya Uluguru iliyo juu yetu ina miamba ya kale yenye ulanga, ule uliochimbwa tangu enzi za Wajerumani. Mvua huuteremsha mitoni, na udongo wa mabonde humeremeta vipunje. Udongo wa mwambao, wenye mchanga wa bahari na vipande vya matumbawe, una sura nyingine. Kigae kinachometameta kikiokotwa pwani kinazua swali: je, kilisafiri? Kumeta peke yake si ushahidi, maana ulanga haupo Uluguru tu. Inabidi kigae kikatwe utando wa unene wa milimita 0.03, kitazamwe kwa hadubini na kulinganishwa na udongo wa mito ya huku.

Kuhusu nakshi, mfano tulio nao karibu ni Dakawa, kando ya mto Wami. Randi Haaland wa Chuo Kikuu cha Bergen na Cornelia Msuya walieleza mwaka 2000 ufinyanzi, uhunzi wa chuma na biashara ya mahali hapo katika milenia ya kwanza baada ya Kristo. Vyungu vya enzi hiyo vinafahamika kwa pembetatu zilizochorwa kwa ncha kali udongo ungali mbichi, kisha zikajazwa mistari. Mwanaakiolojia Felix Chami aliupa mtindo huo jina la pembetatu zenyewe. Mark Horton, aliyechimba Shanga katika kisiwa cha Pate, aliuita wa Tana, kwa jina la mto. Mimi naona jina la Chami ni bora, kwa kuwa linataja kinachoonekana kwa jicho na halifungi mtindo kwenye mto mmoja, ilhali umeonekana toka Lamu hadi Msumbiji, na bara hadi huku kwetu. Ila tusikosee: nakshi si kitambulisho cha kabila. Mfinyanzi akiolewa mbali, huenda na mkono wake.

Kila siku watu wanachimba misingi ya nyumba kwenye miteremko ya Kilakala na Bigwa. Ukikuta vigae vyenye michoro, au mavi ya chuma, usivioshe wala usiwagawie watoto. Pima kina cha shimo, piga picha, halafu toa taarifa ofisi ya mtaa au kwa afisa utamaduni wa manispaa. Mabaki haya yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Na ukiona mkaa kando ya vigae hivyo, uache palepale. Juma lijalo tutaeleza jinsi mkaa huo unavyotaja umri wa chungu.