Kwa Nini Polio Hurudi? Maelezo kwa Kamati za Sharika



Mwezi Septemba 2023, baada ya mtoto mmoja mkoani Rukwa kupooza kwa polio, watoto wa mikoa 6 ya Tanzania (Rukwa, Katavi, Kigoma, Kagera, Mbeya na Songwe) walipewa matone ya chanjo nyumba kwa nyumba. Tangu wakati huo wajumbe wa kamati za sharika hutuuliza maswali mawili. La kwanza, je, Tanzania haikuthibitishwa mwaka 2015 kuwa haina polio? La pili, ni kweli kwamba kirusi kile kilitokana na chanjo yenyewe?

Maswali haya ni ya haki. Tukiyakwepa, mzazi atapata jibu kwa jirani, na huenda siku ya chanjo akamficha mtoto.

Kirusi kinachobadilika

Kirusi cha polio huishi katika utumbo. Hutoka kwa njia ya kinyesi na kuingia mdomoni kupitia maji, chakula au mikono isiyonawiwa. Watoto wengi wanaoambukizwa hawaonyeshi dalili yoyote. Kwa wastani mtoto 1 kati ya 200 hupooza, na hakuna dawa ya kumrudisha katika hali yake. Kwa hiyo mtoto mmoja akipooza, yawezekana mamia wameshaambukizwa.

Vinasaba vya kirusi hiki ni kama maandishi yenye herufi zipatazo 7,500. Kila kinapozaliana hunakili herufi hizo upya, tena kwa haraka, kama mtu anayenakili kitabu cha ubatizo bila kurudia kusoma. Makosa hubaki na kurithiwa. Katika sehemu moja yenye herufi 900 hivi, karibu herufi 9 hubadilika kila mwaka. Kwa kuzihesabu, maabara hukadiria kirusi kimetembea muda gani na ndugu zake wako wapi.

Ndivyo ilivyokuwa Februari 2022, Malawi ilipotangaza kwamba mtoto wa Lilongwe amepooza kwa polio ya asili. Vinasaba vilionyesha undugu na kirusi cha Pakistan. Baadaye watoto 8 waliugua Msumbiji, na mlipuko huo ulitangazwa kwisha Mei 2024.

Na chanjo je?

Kirusi cha Rukwa kilikuwa cha namna nyingine. Matone ya chanjo yana kirusi hai kilichodhoofishwa, ambacho mtoto hukitoa katika kinyesi kwa wiki kadhaa. Palipo na watoto wengi waliochanjwa hukosa pa kwenda na kufa. Lakini penye watoto wengi wasiochanjwa hupita kutoka mtoto hadi mtoto kwa miezi mingi, makosa yakiongezeka, mpaka kikarudisha nguvu ya kupoozesha. Kwa polio ya aina ya pili, herufi 6 tu zikibadilika katika ile sehemu ya herufi 900, maabara hukihesabu kuwa kirusi kilichogeuka.

Basi jibu la kweli ni hili: asili yake ni chanjo, lakini kinachokikuza ni upungufu wa chanjo.

Kwa nini milipuko hujirudia? Polio ya asili ya aina ya pili ilithibitishwa kutokomezwa mwaka 2015, na Aprili 2016 aina hiyo iliondolewa katika matone ya kawaida. Watoto waliozaliwa baadaye hupata sindano. Sindano humkinga mtoto asipooze, lakini haizuii vizuri kirusi kuzaliana utumboni. Kukitokea mlipuko, matone ya aina ya pili hutolewa tena. Kampeni ikifikia watoto wote, mlipuko huzimika. Ikiwaruka wengi, matone yaleyale yanaweza kuanzisha ukoo mpya wa kirusi.

Tangu Machi 2021 hutumika matone mapya ya aina ya pili, ambayo vinasaba vyake vimerekebishwa ili visigeuke kwa urahisi. Ni imara zaidi, ila si kwa asilimia mia. Machi 2023 ilitangazwa kuwa Burundi na Kongo zimepata wagonjwa wa kirusi kilichogeuka kutokana na matone hayo mapya. Maabara inaweza kurekebisha herufi. Kumfikia mtoto aliyerukwa ni kazi yetu sisi tulio karibu naye.

Tunaomba nini?

Kwa kamati za sharika:
1. Orodhesheni watoto wa kila mtaa, hasa wa wafugaji, wavuvi na wahamiaji, na kuangalia kadi zao za kliniki. Matone ya kawaida hutolewa mtoto anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14.
2. Mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea mkono au mguu ghafla, toeni taarifa kituo cha afya siku hiyohiyo. Sampuli za kinyesi zinapaswa kuchukuliwa ndani ya siku 14.
3. Himizeni vyoo, maji safi na kunawa mikono kwa sabuni.
4. Waelezeni wazazi ukweli wote, pamoja na huu wa kirusi kugeuka.

Kwa wafadhili wetu: kampeni ya siku nne huonekana na kupigwa picha. Kliniki ya kila mwezi kijijini haionekani sana, lakini ndiyo inayokinyima kirusi nafasi kati ya kampeni moja na nyingine. Tunaomba msiisahau.