Safari ya Siku Moja Huanzia Saa ya Kurudi

Mkazi wa Salgaa mwenye miadi ya kliniki katika Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret hana haja ya kulala huko. Kutoka Nakuru hadi Eldoret ni takriban kilomita 155, na ukianzia Salgaa unapunguza kipande kizima cha njia hiyo. Matatu na mabasi yapo tangu alfajiri, na nauli yake nafuu ndiyo inayomwezesha mtu wa kipato cha kawaida kwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Tatizo ni kwamba wengi wetu huipanga safari hii kwa kutazama asubuhi tu: gari la kwanza ni la saa ngapi, na nauli ni pesa ngapi. Mimi nashauri uanzie mwisho. Amua kwanza ukirudi utaushuka mteremko wa Sachangwan, unaoishia Salgaa, saa ngapi, kisha hesabu kinyumenyume hadi saa ya kutoka nyumbani.

Tuanze na nauli. Usafiri huu ni wa bei nafuu kwa sababu gari haliondoki stejini mpaka lijae, na gharama ya mafuta hugawanywa kwa viti vyote. Kwa hiyo unachookoa kwa pesa unakilipa kwa muda: pengine utakaa nusu saa ukingoja abiria wawili wa mwisho. Anayepandia Salgaa anapandia njiani. Asubuhi gari la kutoka Nakuru likipita na kiti kitupu, kondakta hupenda kukiuza kwa bei ya maelewano, kwani kiti kisicho na mtu hakimletei kitu. Jioni mambo hugeuka. Abiria wakiwa wengi Eldoret, anayeshukia Salgaa anaweza kudaiwa nauli kamili ya Nakuru, au ya mbali zaidi. Anayechelewa hupoteza nguvu ya kupatana bei.

Ila nauli ndiyo hasara ndogo. Kubwa ni jiografia. Kwenda Eldoret, gari hupanda kutoka Salgaa kupitia Sachangwan na Migaa hadi Mau Summit. Kurudi, hushuka njia hiyo hiyo pamoja na malori mazito yanayoelekea Nakuru, Nairobi na Mombasa. Dereva mwangalifu hushuka kwa gia nzito ili injini yenyewe ilizuie gari, na breki azitumie kidogo kidogo. Anayetaka kuokoa dizeli huondoa gia, akaliacha gari lijiteremkie. Hapo mzigo wote huangukia breki. Zikishikwa mfululizo hupata moto, na zikipata moto hupoteza nguvu. Simama kando ya barabara pale Salgaa lori linapomaliza mteremko huo: harufu ya breki zilizoungua hukufikia kabla mkia wake haujapita, na mara nyingine utaona moshi mwembamba ukitoka kwenye magurudumu.

Abiria wengi hujifariji kwamba gari lao lina kidhibiti mwendo. Kanuni za John Michuki, Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zililazimisha magari ya abiria yafungwe mikanda ya usalama na vidhibiti vya kilomita 80 kwa saa. Zilikuwa kanuni njema, na mkanda hadi leo huokoa maisha. Lakini kifaa hicho huzuia injini isiongeze nguvu, hakishiki breki. Kwenye mteremko kinacholisukuma gari si injini, ni uzito wake, na gari linaweza kuvuka 80 huku kidhibiti kikiwa kizima. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, kutoka 40 hadi 80, umbali ambao breki zinahitaji ili kulisimamisha gari huongezeka mara nne.

Sasa ongeza giza. Huku kwetu karibu na ikweta jua huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima. Baada ya hapo, lori lililoharibika bila taa huonekana likiwa limeshakaribia mno, na ukungu wa Mau Summit huzidisha ugumu. Uchovu nao huingia. Sheria ya Trafiki inamkataza dereva wa gari la abiria kuendesha zaidi ya saa nane katika saa 24. Ikiwa Nakuru hadi Eldoret ni karibu saa tatu, basi dereva aliyekwenda, akarudi, akaenda tena ameshafikisha tisa kabla hujakaa kitini.

Historia ya kipande hiki inatosha kutuonya. Alfajiri ya Desemba 31, 2017, basi na lori viligongana Migaa na watu 36 wakafa. Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) ilipiga marufuku kwa muda safari za usiku za mabasi ya masafa marefu, na barabara kati ya Salgaa na Sachangwan ikapanuliwa na pande zake kutenganishwa kwa ukuta. Ukuta wa katikati hupunguza kugongana uso kwa uso. Haupozi breki wala haumwondolei dereva usingizi.

Kwa hiyo hesabu yako iwe hivi. Toka Salgaa saa kumi na mbili asubuhi, ufike Eldoret mnamo saa tatu. Maliza shughuli na uwe stejini saa nane mchana. Gari likijaa kwa nusu saa na safari ikichukua saa tatu, utashuka Salgaa saa kumi na moja na nusu, jua lingali juu. Kabla ya kulipa, muulize dereva ameshaendesha safari ngapi siku hiyo. Funga mkanda, hata kama wenzako hawajafunga. Kiti kikikosekana, usikubali kukalishwa kwenye ubao kati ya viti. Dereva akiondoa gia mteremkoni, sema, tena kwa sauti ya abiria wote. Na shughuli ikikushika hadi jioni, mpigie ndugu au rafiki wa Eldoret simu, ulale kwake. Nauli ya kesho asubuhi itakuwa ile ile, na utaushuka mteremko mchana.